Kengele Iliyoning'inia Upande

Mungu wetu apewe sifa, ndugu zangu! Munivumilie, leo ninasimama kutoa ushuhuda. Mimi ni Riziki wa hapa Mushaki. Mnanijua: ni yule anayefagia kanisa, akimaliza anaanza kufagia upya. Tangu vita vilipoanza, hofu ilikaa kifuani mwangu. Nilikagua komeo la mlango, nikalala, nikaamka kulikagua tena. Niliamini kwamba nikikosea kitu kidogo tu, watu wa nyumbani watakufa kwa sababu yangu.

Shangazi yangu, Mama Neema, alitukimbilia kutoka Bihambwe na mtoto wake mchanga mgongoni. Tukampa chumba cha nyuma. Mnajua tulivyoishi. Madirisha tuliyaziba kwa matambara ili wenye bunduki wasione mwanga, na kwa baridi ya milima hii tuliingiza vyumbani mbabula, jiko letu la makaa. Sisi wote! Tuliogopa moto wa risasi, na huu mwingine tukalala nao.

Mjomba wangu mfanyabiashara akatuletea kutoka Goma kengele ya moshi, kiduara cha plastiki kinacholia kikipatwa na moshi. Nikaitundika jikoni, juu kabisa ya sufuria. Ndugu zangu! Ililia kila tulipopika maharage. Majirani walibeba mizigo yao, wakidhani tumevamiwa.

“Riziki, huyu mutoto wako analia kuliko mapacha,” Mama yangu akasema. “Umunyonyeshe ao umutupe!”

“Siku ingine akilia hivi,” Papa yangu akaongeza, “Mushaki yote itakuwa imeshakimbia mpaka Sake.”

Nikasoma karatasi ya Kifaransa iliyokuja na kengele, polepole, peke yangu. Ilisema kengele ikae juu darini, karibu na watu wanapolala, mbali na jiko. Lakini nyumba yetu ya mbao haina dari, juu ni mabati matupu! Nikachagua ujia, mbele ya chumba cha shangazi, kwa sababu kuta zetu hazifiki juu na moshi ungepita. Nilitundika, nikashusha, nikatundika tena. Mwishowe ilining'inia upande, imefungwa kwa kamba ya mpira. Niliona aibu. Nilitaka kuirudisha ndani ya boksi mpaka nipate misumari mizuri. Nikaomba: Bwana, nisaidie niiache hivi hivi. Nikaiacha.

Alasiri moja mvua ilinyesha sana. Shangazi aliingiza mbabula, akatandaza nepi juu ya kiti kando yake zikauke, akafunga mlango, akasinzia na mtoto. Sisi tulikuwa barazani tukipukuchua maharage. Kengele ikalia.

“Ni huyo mutoto wako tena!” Mama akacheka.

Lakini jikoni hakukuwa na moto. Nikakimbilia ujiani. Moshi ulikuwa unashuka kutoka chini ya mabati.

“Shangazi! Fungua!”

Mlango ulikuwa na komeo ndani. Papa akaupiga mlango kwa bega mpaka komeo likavunjika. Nepi ilikuwa imeangukia makaa, na godoro lilikuwa limeshika moto. Papa akamvuta shangazi, mimi nikamchukua mtoto. Alikuwa mlegevu, masizi puani. Nikatoka naye mvuani nikiita jina la Yesu. Akakohoa. Kisha akapiga kelele kuliko kengele yenyewe! Haleluya!

Ndugu zangu, Bwana alitutoa motoni. Na hofu yangu? Sitawadanganya, bado nakagua mlango. Lakini sasa najua kwamba uhai wa watu wangu haukushikiliwa na mikono yangu. Bwana alitumia kazi yangu iliyopinda.

Basi ninawasihi. Mbabula itoke nje kabla ya kulala, hata baridi ikiuma. Mwenye kengele aitundike juu, karibu na vitanda. Usingoje iwe nzuri. Na wewe unayesema utamjia Bwana ukishajitengeneza, njoo leo jinsi ulivyo.

Mama Neema, simama na mutoto, watu wamuone. Ni huyo hapo, anavuta kitambaa cha meza ya mchungaji. Mushike, shangazi, ataangusha maua!