Gunia Alilokalia Breki

Ukitaka kujua Rodi Kopany kuna nini, usimsumbue chifu, keti kwa benchi la Rael. Kahawa ni yake, maneno ni ya kila mtu. Mwaka huo wa tisini na nne jua lilikausha mahindi shambani, na Rael, aliyewapikia watoto wa nasari uji, akabaki na debe tupu. Loli la kiwanda cha spiriti lilipopita likiuza machicha ya mahindi, yale makapi yanayobaki pombe ikishakamuliwa, alinunua gunia, akayaanika, akayasaga, akachanganya na wimbi kidogo, akawapikia uji. Hakumwambia mtu. Wiki nzima sasa, roho yake iko juu juu.

Asubuhi hiyo benchi lilijaa, basi Breki, dereva asiye na gari, akakalia gunia lenyewe. Rael alikuwa ameligeuza, muhuri wa kiwanda utazame ukuta.

— Nasikia kuna watu wanakula yale machicha ya kiwanda, Breki akaanza.

— Hayo ni ya nguruwe, akasema Profesa, aliyefeli mtihani wa ualimu mara tatu. Pombe ikitoka, nguvu inabaki kwa makapi. Hiyo ni sayansi.

Rael akamimina kahawa, nusu ikaenda mezani.

— Si wameshakamua pombe yote? akauliza, kama mtu anayepitisha wakati tu.

— Yote wapi, akasema Profesa. Ng'ombe wa shemeji yangu huko Karungu alilamba kidogo tu, akaingia ziwani akifikiri ni zizi.

— Na huyo ni ng'ombe, Breki akasema. Sasa weka mtoto. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mlee na machicha, atafanya mtihani wa darasa la nane akiwa amelewa.

— Darasa la nane hafiki, akasema Profesa. Ini linakwisha akiwa nasari.

Rael akashika meza. Watoto arobaini, na kila mmoja alimjua mpaka nyanya yake. Nyasaye, Mungu wangu, nimewafanya nini watoto wa wenyewe?

Ndipo Abdullah wa duka la nguo akavuka barabara, anatabasamu.

— Mama Rael, salaam. Binti yangu Asiya tangu atoke hospitali alikataa chakula. Wiki hii anamaliza uji wako, anaramba na kikombe. Mama yake amenituma nikuulize, unatia nini humo, na yeye apike nyumbani?

Breki akaangalia Rael, akainama kuangalia upande wa gunia ulioelekea ukutani, akasoma muhuri. Akainuka polepole.

— Mama? Abdullah akasema.

Kahawa ilikuwa imeisha kwa birika, na Rael bado anamimina.