Kanze Ruwa, Aliyekataa Unga wa Pili

Dada yetu Kanze Ruwa, ambaye mtaa mzima wa Junda ulimwita Mama Faith, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1968 huko Kaloleni. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ruwa Lewa na mama yetu Dama, ambaye Mungu bado ametuachia na ameketi hapa mbele. Akiwa na miaka minne alipata polio, na mguu wa kushoto haukupata nguvu tena. Waliomwonea huruma kwa mguu huo walijuta, maana ulimi ulikuwa mzima.

Alisoma shule ya msingi Kaloleni hadi darasa la saba, akafanya mtihani wa CPE mwaka 1982 na kupita vizuri. Sekondari hakwenda. Nafasi alipewa mdogo wake wa kiume, Lewa, ndiye huyu anayewasomea leo, na alama zangu zilikuwa chini ya zake. Nalisema mbele ya watu kwa sababu yeye hakulisema hata siku moja. Lakini kuandika hakuacha. Babu yetu alipofariki, Kanze alikaa mlangoni na daftari lake la shule, akiandika kila aliyekuja na alicholeta, kama ilivyo desturi, ili mtu huyo naye akifiwa tujue la kumpelekea. Baadaye baba mdogo mmoja akajigamba kwamba alileta mbuzi. Kanze akafungua ukurasa. "Baba mdogo, hapa umeandikwa kuku. Tena alikuwa mgonjwa." Watu walicheka hadi machozi, na baba mdogo akaaga mapema.

Mwaka 1987 alikuja Bombolulu akapata kazi katika karakana ya shanga na mapambo. Alikaa hapo miaka ishirini na miwili, kisha akawa anauza mahamri na mbaazi mlangoni kwake Junda. Alichaguliwa katibu wa kikundi cha kinamama, na daftari la matanga la mtaa mzima, Wakristo kwa Waislamu, likawa mikononi mwake. Mtu akifiwa, wa kwanza kuitwa alikuwa Mama Faith na kalamu yake.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na Nyale Ziro, fundi wa mawe, mtu mpole aliyependa kusema kwamba nyumbani kwake yeye ni mgeni wa heshima tu. Mungu aliwajalia Ziro, Mbeyu na Faith. Nyale alitangulia mwaka 2009.

Sasa nifike Jumapili ya tarehe 12 Februari 2017. Mlingoti wa stima nyuma ya nyumba zetu ulikuwa umeinama mwaka mzima, na waya umening'inia juu ya nyasi kavu. Kanze alikwenda mara nne, na mguu ule, hadi ofisi za kampuni iliyokuwa na kandarasi ya kutunza nyaya hizo. Jina la kampuni hatulitii kwenye karatasi ya msiba wake. Mara zote nne aliambiwa, "Mama, nenda tu, tutakuja." Jumapili hiyo upepo uliangusha waya, nyasi zikashika, makuti yakashika, na kufikia saa nane mchana nyumba kumi na moja zilikuwa majivu. Watu sita wa familia tano walikufa. Faith, kitinda mimba wetu wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameshatoka salama. Akarudi kumtoa jirani, Bibi Mwanatabu, aliyekuwa haoni. Walipatikana pamoja.

Siku ya tatu ya matanga, gari la kampuni likaja na magunia ya unga, mchele na sukari. Afisa wao akatoa daftari, kila familia itie sahihi kwamba imepokea. Hashim, mwana wa Bibi Mwanatabu, akamtazama dada yetu, kwa kuwa mambo ya daftari yalikuwa yake. Kanze, macho yamevimba kwa kulia, akasema, "Sainini tu, ndiyo desturi." Akasaini wa kwanza, na wenzake wakafuata. Juu ya majina yao, kwa Kiingereza cha herufi ndogo, iliandikwa kwamba wameridhika na hawatashtaki mtu yeyote.

Aliyemfumbulia maandishi hayo ni wakili Musyoka, wa kituo kinachosaidia watu mambo ya sheria bila malipo. Kanze alikaa siku mbili bila kula. Ya tatu alipita nyumba kwa nyumba akipiga hodi. "Mimi ndiye niliyewaambia msaini. Nimekuja kuomba radhi, na nimekuja kuwachukua twende kortini." Hashim akamjibu, "Wallahi, Mama Faith, radhi ushapata. Kortini twende saa ngapi?"

Miaka minane alipanda ngazi za korti akishika ukuta. Wakili wa kampuni alimuuliza, "Mama, wewe unajua kusoma. Kwa nini hukusoma?" Akajibu, "Kwetu, mtu akikuletea unga na maiti bado hajapoa, humuulizi ameandika nini. Nyinyi mlilijua hilo, ndiyo maana mkaja siku ile." Mwaka 2022 korti ikaamua kwamba sahihi zile hazimfungi mtu. Na tarehe za safari zake nne? Zote alikuwa ameziandika kwenye daftari la kikundi, pamoja na jina la aliyempokea, na daftari hilo sasa ni ushahidi. Kampuni ikamjia peke yake imalizane naye pembeni. Akawaambia, "Wenzangu niliwaingiza mimi. Nitoke niwaache ndani? Ng'o!"

Aliugua kisukari tangu 2019, na mwaka jana figo zikashindwa. Mwezi Machi mwaka huu alimaliza kutoa ushahidi akiwa ameketi, akitokea kusafishwa damu. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mama akiwa amemshika mkono. Siku mbili kabla aliniambia, "Lewa, siku yangu wakija, unga wao msiupokee. Na daftari la matanga akae nalo Mbeyu."

Wiki hii watu wa kampuni wamepiga simu kuuliza njia. Wako wazee walionung'unika kwamba kitu cha matanga hakirudishwi. Mama yetu, mwenye miaka themanini na minne, akawanyamazisha: "Mimi nimemzaa, na mimi nasema kinarudi." Leo Mbeyu ameketi pale getini na daftari. Gari lilifika asubuhi. Ameandika jina la kampuni, na mbele yake, kwa hati nzuri kama ya mamake, "Hakikupokelewa."

Marehemu ameacha mama, watoto wawili, wajukuu wanne, sisi ndugu zake watano, na familia nne za Junda zilizokuwa naye tangu siku ya moto. Hukumu itasomwa Alhamisi tarehe 27 mwezi huu. Jina la mlalamishi wa kwanza litaitwa, Kanze Ruwa. Tumekubaliana: Mbeyu atasimama aitike "Abee," na sisi sote tutasimama nyuma yake.

Lala kwa amani, dada. Sisi hatujalala.