Moshi Uliofika Tumboni Mwangu

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Mmeitikia kinyonge. Leo nasimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya tumbo langu, kwa hiyo itikieni kama watu walioshiba.

Mnanijua kama Mama Kokushubila. Kabla ya jina hilo niliitwa mgumba, tena usoni pangu. Ile vita ya mpakani ilipoisha, mimi na mume wangu Deo tulitoka hapa Kaagya tukahamia kisiwani, kule Muleba. Yeye alivua, mimi nilibanika samaki. Kuni zilikuwa adimu, basi moto tuliuwashia vipande vya matairi ya malori yaliyofia vitani. Kutwa nzima nimo ndani ya kile kibanda, macho mekundu, nakohoa. Nani angejua? Wote tulifanya hivyo!

Miaka ikapita. Siku zangu zikawa zinakuja zikipotea, mwisho zikakatika kabisa. Nikakonda. Ndugu zangu, wa rika langu mnakumbuka kukonda kulimaanisha nini wakati ule! Tulikuwa tunazika kila mara. Watu wakanong'ona kwamba nina Juliana, ndivyo tulivyouita UKIMWI. Nilipimwa damu, sikuwa nao.

Mama mkwe akaniita nyumbani anitibu. Alichoma majani juu ya makaa, akanifunika blanketi, nikachuchumaa juu ya moshi ule mpaka nikazirai. Alinipenda, msimlaumu. Lakini mimba haikuja, na ukoo ukakaa kikao: Deo atafutiwe mwanamke mwingine. Katika miaka ile! Nililia, Mungu wangu, yaani nikose mtoto halafu nimzike na mume?

Deo akawaambia wasubiri kwanza hospitali ya misheni iseme. Kule tulimkuta sista daktari, mtu wa maneno machache. Hakuuliza nani kaniroga. Aliuliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Nikamweleza matairi, nikamweleza na blanketi. Akashika kichwa.

Akatufundisha hivi. Ndani ya chembe hai za mwili kuna kipokezi, kidude kidogo mno, kazi yake kunusa kemikali. Kipo hata kwenye ovari, pale mayai ya mwanamke yanapokomaa, na Mungu hakukiweka bure, kwani husaidia mayai hayo kukua. Lakini kikinusa sumu ya moshi kila siku, kinaweza kuvuruga mambo: homoni zinayumba, mayai hayakomai au yanaisha mapema. Alisema wataalamu ndiyo kwanza wanakichunguza.

"Kwa hiyo nimeharibika, Sista?"

"Sijui, mama. Toka kwenye moshi, ule vizuri, nami nitakuombea."

Hatukurudi kisiwani. Mama mkwe aliposikia aling'oa mafiga yake jikoni akayapeleka mwisho wa uwanja, mbali na mlango wangu. Akawa anapika ndizi huko, mvua ikimnyeshea, jani la mgomba kichwani. "Waitu, mwanangu wee, hicho kipokezi chako kisije kunishtaki mbinguni!" alisema, na machozi yalimlengalenga.

Siku zangu zikarudi polepole. Halafu zikakatika tena. Nikasema basi, yamekwisha, wamlete huyo mwanamke. Ukafika msimu wa senene, wale panzi wetu watamu, mama mkwe akawakaanga, harufu ikanifikia, nikakimbilia migombani kutapika. Mama mkwe akaacha sufuria inaungua, akapiga kigelegele. "Mhaya gani anakimbia senene? Huyu ana mimba!"

Ndugu zangu, kikao cha ukoo hakikukaa tena. Mtoto mama mkwe alimpa jina mwenyewe, Kokushubila, maana yake matumaini.

Sisemi kila asiyezaa ameharibiwa na moshi. Wapo waliotoka kwenye moshi na bado wanangoja, na Mungu hajawatupa. Lakini wewe dada unayefunikwa blanketi nyumbani, toka humo, nenda hospitali, na mumeo mwende pamoja. Mtumaini Mungu aliyeumba hata kile kidude kinachonusa gizani, asikoona mtu.

Kokushubila, simama mwanangu, wakuone.