Daktari Amerudi Kutoka Kozi, Haandiki Dawa

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, limeegemea ukuta wa saluni ya Kinyozi, mkabala na zahanati. Ukikaa hapo unaona nani anaingia na nani anatoka na bahasha ya dawa. Jumatatu ile tulikuwa na kesi moja tu. Daktari wetu, aliyerudi wiki iliyopita kutoka mafunzo ya malaria, alikuwa amemtoa Kinyozi bila kidonge cha malaria hata kimoja.

— Nimekwenda natetemeka mpaka meno yanagongana, — alilalamika Kinyozi, — yeye ananidunga kidole, anangoja, ananiambia, "Huna malaria." Mimi! Mzoefu wa malaria tangu utotoni!

— Na alikuwa bingwa, — alisikitika Dereva Mstaafu. — Hujakaa kwenye kiti, keshaandika.

— Wamemharibu huko kozi, — alisema Mama Kahawa, akimjazia kikombe. — Mtu mzima ukimrudisha darasani, aliyokuwa anayajua yanamwagika.

— Hayajamwagika, mama. Alifeli! Anayepimapima hivyo hana uhakika, — alisema Dereva.

— Mimi nasema dawa wamewawekea wakubwa, — alisema Kinyozi.

— Au mbu wamebadilisha ugonjwa, — Dereva akainua kidole, — sisi hatujaarifiwa!

Tukapitisha: daktari aondolewe. Kinyozi akajitolea kupeleka malalamiko kwa mkuu wa zahanati.

Mara akavuka barabara dada mmoja mwenye faili. Akatuamkia vizuri, akajieleza: ametumwa kutathmini kama yale mafunzo yamesaidia. Tukamsogezea nafasi upesi.

— Andika, binti yangu, — alisema Kinyozi. — Hayajasaidia. Mwaka jana nilipewa dawa ya malaria mara nne. Safari hii, patupu!

— Mara nne? Homa ilikuwa inarudi?

— Kila nikimaliza dozi. Malaria sugu hiyo.

— Na hiyo mara nne, alikupima?

— Kupima kwa nini? Tulikuwa tunaelewana.

— Safari hii amekupa nini?

— Kachungulia sikio, kasema lina usaha. Kanipa dawa ya sikio. Naumwa mwili mzima, yeye anatibu sikio!

— Lini hiyo?

— Alhamisi.

— Na leo homa ikoje?

Kinyozi akajishika paji la uso. Dereva akamshika shingo. Mama Kahawa akaweka birika chini, naye akamshika.

— Imepoa, — alisema Kinyozi, kwa sauti ya mtu aliyefumaniwa.

Dada akaandika, kisha akainua uso.

— Sasa baba, mwaka jana, zile mara nne, ulikuwa unatibiwa nini?

Dereva akakohoa. Mama Kahawa akaanza kuosha vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa.

Kinyozi akavua aproni yake, akavuka barabara bila kuaga. Tukajua anakwenda kushtaki kama alivyoahidi. Kumbe alipita mlango wa mkuu, akaenda kupanga foleni ya daktari, ili amwangalie na sikio la pili.