Bi Mboni binti Yunusu na Kibuyu cha Ufuta

Tunayemzika leo hapa Milola, Jumatatu tarehe 9 Juni 1913, ni Bi Mboni binti Yunusu. Wasifu wake nausoma mimi Mfaume, mdogo wa mumewe. Shemeji alinitania miaka kumi, kwa hiyo leo atanivumilia.

Marehemu alizaliwa Tingi, Kilwa, mwaka 1884, mtoto wa pili wa Mzee Yunusu. Alihitimu Kurani katika chuo cha Kilwa Kivinje. Kilimo alifundishwa na mama yake, na zaidi kuutambua ugonjwa wa madoa: majani ya ufuta huingia vidoa vyeusi, shina hugeuka jeusi, maganda hudondoka matupu. Ugonjwa huo, mama alimwambia, hujificha ndani ya mbegu na kwenye ufuta mwitu.

Aliolewa na kaka yangu Tawakali mwaka 1903. Kwa desturi ya ukoo wetu, mbegu za bibi harusi humiminwa kwenye ungo mmoja na za mama mkwe. Mboni alikwisha kulizunguka shamba la mama yetu na kuyaona madoa. Siku ya ungo akakifunika kibuyu chake cha mbegu kwa kiganja.

“Mama, mimi ni wenu,” alisema. “Lakini mbegu zenu zinaumwa. Naomba zangu zikae mbali.”

Watu walishika vinywa. Mama yetu, Bi Kidawa, akampa kaka msimu mmoja tu: mke achanganye mbegu au arudishwe kwao.

Mboni hakubishana. Alifungua shamba lake ng'ambo ya kijito, akakataza mtu kupita humo majani yakiwa na umande, maana unyevu husambaza madoa, akang'oa ufuta mwitu wote wa pembeni, pamoja na ule niliokuwa nikipikiwa mlenda. Nilimnunia mwezi mzima, na wala sioni haya kusema. Msimu ule shamba la Mama likawa jeusi, la Mboni likajaa. Habari za kumrudisha Tingi zikaisha.

Vita vya Maji Maji vilipokuja, ghala zilichomwa, tukakimbilia porini. Njaa iliyofuata ilikuwa kali. Mboni alikibeba kibuyu mgongoni kama mtoto. Tulimwomba tule zile mbegu, akakataa. Mimi nililia mbele yake, akalia pamoja nami, na bado akakataa.

Mvua iliponyesha tulirudi. Mama akafungua pindo la kanga, kumbe naye alikuwa amehifadhi mbegu zake. Tukadhani ataomba ungo. Akabandika kikaango motoni, akazimimina zote.

“Zangu tule,” alisema. “Tupande zako.”

Ufuta wote unaouona Milola leo, kwetu na kwa jirani, umetoka katika kibuyu kile.

Marehemu aliugua kichomi tangu Aprili, akafariki jana alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono. Kifo chake kimetuuma sana. Ameacha mume, Tawakali. Watoto wawili, Mwahija na Hasani. Mimi shemeji yake nisiye na mlenda. Na mkwewe, Bi Kidawa, ambaye tangu jana amekifunga kile kibuyu mgongoni na hataki kupokewa na mtu.

Mola ampe Mboni wetu mapumziko mema. Amin.