Alushi Asiachwe Chini ya Saruji

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Wilberth, weka simu mfukoni. Hao watu wa hoteli watasubiri, mimi siwezi. Nidia, niinulie kichwa hapa kwenye bembea ya kulalia. Basi.

Shamba uzeni. Mnashtuka nini? Nimewaona wale vijana wa mnunuzi wakipima na kamba zao mpaka kisimani. Maisha yenu yako mjini Cancún, kwenye kazi za hoteli, sina kinyongo, Mungu ni shahidi. Mizinga ya nyuki ni ya Wilberth, nyumba hii ni ya Nidia, na msije mkagombana hata sijapoa kaburini.

Lakini alushi wangu, pepo mlinzi wa shamba, hauzwi. Usicheke, Wilberth! Yule mdogo aliye ndani ya kibanda cha mawe, mganga alimfinyanga kwa udongo wa pangoni na damu ya kidole changu mwaka niliomwoa mama yenu, na tangu hapo ndiye aliyenilindia mahindi, wezi wakitupiwa mawe wasijue yametoka wapi. Nidia, ulipopotea msituni kijiji kizima kilikata tamaa, mama yako amezimia; ukarudi unatembea mwenyewe, mdomo umejaa asali, unasema umeshikwa mkono na mtoto mwenye kofia kubwa. Wewe umesahau, mimi sijasahau hata siku moja.

Sasa wajenzi wakimmwagia saruji atakaa humo gizani akingoja uji ninaomwekea, maana yeye hafi, na hana wa kumwambia kwamba mimi nimekufa. Hilo ndilo linaloniliza, wanangu, si kifo. Watu husema alushi asiyelishwa huwa mkali, na ni kweli, ila kabla ya ukali kuna njaa na upweke, na mimi ndiye niliyemleta duniani.

Mtoeni kabla mashine hazijaingia. Mkimbeba tu mtabeba udongo mtupu. Lazima aitwe na mtu wa damu yangu. Na msimwite kwa Kihispania! Binamu yenu Fulgencio alimbembeleza alushi wake kwa Kihispania kutwa nzima, akaondoka na kinyago kitupu, alushi mwenyewe akabaki porini analia mpaka leo. Alushi wanajua Kimaya tu, nanyi Kimaya mmekiacha hotelini. Neno ni moja: ko'oten. Njoo. Ndivyo mama yenu alivyowaita kula. Wekeni uji, mwiteni, kisha mngojeeni.

Nidia, jaribu nisikie... Hapana, hivyo unamwita mteja. Mwite kama mwanao... Ee. Hapo sasa.

Nizikeni kando ya mama yenu, bila mbwembwe. Mungu awatangulie... awape watoto wanaoitika wakiitwa... Pumzi inakatika. Wilberth, mbona unalia? Sogea. Nawe sema... hata ukikosea, ataijua damu. Ita, baba... ita nikiwa bado nasikia.