Norbert Wilondja na Siri ya Mama Zubeda

Wasikilizaji wapendwa, mlio kando ya ziwa na mlio juu milimani, sogezeni viti tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Mzee Norbert Wilondja, muuguzi wa siku nyingi wa hapa mjini Baraka, tuliyemzika Jumatatu. Wengi wenu mlimwita munganga. Wengine mna makovu aliyoyashona yeye.

Tulikwenda kwa binti yake, Godelieve, atupe sifa za baba. Alitukatiza. "Mukisema alikuwa tu muntu muzuri, bantu ya Baraka batafunga redio," alisema. "Musimulie na ya Mama Zubeda."

Mama Zubeda naye ni marehemu. Kwa hiyo tulikwenda kwanza kwa mwanawe, Kulthumu, kumwomba ruhusa. "Museme," akajibu. "Ila museme yote."

Basi, tuseme yote.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita. Norbert alikuwa kijana, ametoka shule ya wauguzi. Kazi yake ilikuwa kumsaidia daktari Mbelgiji, aliyeshuka kutoka Fizi mara moja moja. Siku nyingine zote dispensari ilikuwa mikononi mwa Norbert. Alilipenda koti lake jeupe. Alilipiga pasi mwenyewe, maana hakumwamini mtu na ile kola. Na shuleni walikuwa wamefundishwa jambo moja kuliko yote: ya mgonjwa yanabaki kwa mgonjwa. Norbert alilijua hilo. Tunarudia, wasikilizaji wapendwa: alilijua.

Asubuhi moja akaingia Zubeda, mke wa Ramazani mwenye mitumbwi. Aliuza vitumbua sokoni, na watu walivigombania. Alikuwa na baka jeupe juu ya kiwiko. Norbert akamwambia afumbe macho, akachukua pamba, akaipitisha juu ya baka taratibu, huku na huku.

"Ukisikia, uniambie."

Zubeda akangoja. Norbert akapitisha tena. Kisha akashika sindano, akagusa kwa ncha.

"Munganga," Zubeda akasema, macho bado amefumba, "utaanza saa ngapi?"

Ulikuwa ukoma. Ulikuwa bado mchanga, na dawa ilikuwapo. Norbert akamweleza kwa upole kwamba akimeza vidonge bila kuacha atapona, na kwamba kwa hali yake hataambukiza mtu. Zubeda aliuliza swali moja tu.

"Nani atajua?"

"Mi, na we, na daktari."

Jumapili ile Norbert alikwenda kunyolewa kwa Fabien. Baraza la kinyozi lilikuwa limejaa watu. Fabien akamsogezea sahani ya vitumbua. Norbert akaisukuma kando.

"Vya Zubeda? Mi niliviacha."

"Sababu gani?"

Angeweza kusema ameshiba. Hilo tu, na yangeishia hapo. Lakini wote walikuwa wamegeuka kumtazama, naye akaona raha ya kutazamwa.

"Mi ndiye niliona mukono yake," akasema, akacheka. "Kama munapenda vidole yenu, mukule vya mwingine."

Alijua kwamba vitumbua vile havina neno. Alisema kwa kutaka kuchekesha. Na hakuna aliyecheka. Baba yake, anasema Godelieve, alikuwa amenyolewa shavu moja, la pili bado lina sabuni, na alitamani kuinuka aende vilevile.

Katikati ya juma, vitumbua vya Zubeda vilirudi nyumbani vyote. Ramazani hakumpiga wala hakumtukana. Alimfungia nguo zake, akampeleka kijiji cha Swima, kwa kaka wa Zubeda. Kulthumu, aliyekuwa bado mdogo, akabaki kwa baba. Dawa ikakatika.

Siku hizohizo daktari akashuka. Aliposikia kwamba Norbert aliutambua ukoma mapema vile, alimshika bega, akamsifu mbele ya wenzake. Norbert akasema, "Merci, docteur." Ya kwa kinyozi hakuyataja. Sifa ile ilimchoma kuliko tusi lolote.

Kesho yake akapanda baiskeli kwenda Swima. Alimkuta Zubeda anaanika samaki wa ndagala.

"Umefika kufanya nini?"

"Kuomba musamaha, mama."

"Rudi Baraka, ubaambie ulidanganya. Useme Zubeda hana kitu."

Norbert akashindwa. Kudanganya juu ya ugonjwa, kazi yake haikumruhusu. Na akienda kutangaza kwamba alifanya kosa kwa kuifunua siri, atakuwa ameifunua mara ya pili. Akasimama pale ameshika usukani wa baiskeli.

"Kwa kinyozi ulikuwa na maneno mingi," Zubeda akasema.

"Nimeleta dawa."

"Weka chini."

Akaweka chini. Zubeda akangoja aondoke, ndipo akaiokota.

Tangu siku hiyo Norbert aliipeleka dawa Swima mwenyewe, kiangazi na masika. Kila mara aliiweka chini. Baka likafifia. Vidole vya Zubeda vikabaki vizima vyote. Mwaka wa hamsini na tisa akarudi Baraka na kikaango chake, akakaa sokoni. Hakuna aliyemsogelea.

Mchana, soko limejaa, Norbert akaja na koti lake jeupe. Akanunua kitumbua, akala amesimama. Akanunua kingine. Fabien akapaza sauti kutoka barazani kwake.

"Norbert! We si ulisema uliviacha?"

Wote wakageuka kumtazama.

"Nilisema upumbavu," akajibu, wote wakasikia. "Upumbavu ya mi mwenyewe."

Zubeda hakumtazama. "Kula, kisha utoke hapa," akamwambia. "Unazibia bantu njia."

Wengine walinunua. Wengine hawakununua tena maisha yao yote. Ramazani alikuwa amekwisha kuoa mwingine, na Kulthumu alikua mikononi mwa mama wa kambo. Hayo hakuna kitumbua kilichoyarudisha.

Norbert alifanya kazi hadi uzeeni, na aliwafundisha wauguzi wengi. Habari ya Zubeda hakuwasimulia hata kama mfano. Alisema hana ruhusa. Hata Godelieve aliisikia kwanza sokoni, ndipo baba akakiri kosa lake.

Siku ya mazishi Kulthumu alikuja, akakaa nyuma. Godelieve alimfuata, akamwuliza kama mama yake alisamehe.

"Hakuniambia," Kulthumu akajibu. "Na mi sikumuuliza. Ilikuwa siri yake."

Kwa Godelieve na ukoo wote wa Wilondja, poleni sana. Kwa Kulthumu na wanawe, poleni pia, ingawa pole hii imechelewa mno. Na ninyi mnaovaa koti jeupe leo, Baraka, Lweba, Fizi, popote: kuna mtu atawauliza, kwa utani tu, yule mama alikuja kwenu kutafuta nini. Fikirini sasa mtakavyomjibu, kabla hajauliza.